Wimbo wa Mwisho Upande wa Pili

Lidia alitoka Katumba asubuhi na kwenda moja kwa moja kwenye duka la Hilari, mrekodi kanda wa Mpanda mjini. Alitaka kujua wimbo wa mwisho upande wa pili, ulioimbwa kwa Kiingereza, unasema nini. Kanda hiyo aliachiwa na mchumba wake, Yohani, aliyekwenda Kigoma na kunyamaza. Jumamosi wazee wa kijana mwingine, Audace, wangekuja kumposa. Lidia aliamini kwamba Yohani alikuwa ameacha neno ndani ya wimbo huo: amsubiri au asimsubiri. Alimweleza Hilari yote.

Hilari alitazama jalada. "Huyu ni yule mwimbaji wa roki, wa makelele. Dunia nzima inamjua."

"Wa mwisho si yeye. Ni mzee fulani, analia."

Hilari aliweka kanda kwenye mashine. Sauti ilitoka nyepesi, ya kijana. Lidia alikunja uso.

"Mashine yako inamkimbiza."

"Hii ni ya umeme, dada. Nyie kule mnaanika betri juani, sivyo?"

"Juu ya bati."

"Basi zimechoka, zinakokota kanda. Mmemzeesha mtoto wa watu."

Lidia alicheka. Lakini hata kwa mwendo ule, kijana alikuwa na majonzi. Hilari, aliyefika kidato cha nne, aliurudia wimbo mara kadhaa.

"Mwanamke amemwacha. Kila jioni bado anatandika kitanda cha watu wawili."

"Yeye ndiye aliyeachwa?"

"Ndiye."

"Lakini Yohani ndiye aliyeondoka."

Hilari alichukua kanda nyingine rafuni na kuipeleka hadi mwisho. Wimbo ulikuwa uleule.

"Yohani nilimnakilia kutoka hii. Kila mteja anaupata wimbo huu. Yohani alitaka upande wa kwanza, wa kucheza dansi. Huu sijasikia mtu akiuulizia."

Lidia alielewa. Yohani hakuacha neno lolote. Hata hivyo, wimbo ulikuwa umesema kweli, ila haukuwa wa Yohani; ulikuwa wake yeye, aliyeachwa.

"Kaka Hilari, yale makelele ya upande wa kwanza yanafutika?"

"Yote?"

"Yote. Uweke huu mahali pake."

"Na wazee wa Jumamosi?"

"Waje, nitawasikiliza. Wa Kigoma simsubiri tena."

Hilari alibonyeza kitufe cha kurekodi. "Nijaribu kumpunguzia mwendo?"

"Mwache," alisema Lidia. "Akifika nyumbani, betri zitampunguzia zenyewe."