Kumtua Mgeni Mzigo

Katika nyumba aliyozaliwa Bairbre, mgeni hakuachwa ahangaike. Akiingia mtu asiyejua Kiayalandi, au anayekizungumza kwa kuchechemea, wote waliokuwemo walihamia Kiingereza papo hapo, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili mwenzao apate pa kukaa. Baba yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla yake, hata pale mgeni alipokuwa mmoja na wenyeji kumi. Pwani yote ya Conamara, magharibi mwa Ayalandi, ilifanya hivyo. Huko ndiko kumtua mgeni mzigo, na asiyemtua alihesabiwa kuwa hakulelewa.

Sasa Bairbre alikuwa amevuka miaka thelathini, na kwa muda mrefu alikuwa Dublin akipokea simu katika kampuni ya bima. Kutwa alizungumza Kiingereza na watu ambao mapaa yao yameezuliwa na upepo. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akampigia mama yake, na hapo tu ndipo ulimi wake ulipovua viatu. Wakishaagana, alibaki ameshika simu, akiitamani harufu ya moto wa udongo mweusi wa kinamasi, unaochomwa kwao badala ya kuni, na zaidi ya harufu hiyo, kutaniwa kwa lugha ambayo hakulazimika kuiwaza kabla ya kuisema.

Marehemu baba yake alikuwa akisema kwamba Kiayalandi ni cha kulia chakula na Kiingereza ni cha kukitafutia. Kwa hiyo tangazo lilipotoka, Bairbre alilisoma mara mbili. Ofisi moja ya serikali ilikuwa ikifungua tawi karibu na kwao, na ilimtaka mtu wa kuwahudumia wenyeji kwa Kiayalandi katika mambo ya pensheni na ruzuku za kilimo. Angeweza kurudi nyumbani na kula kwa lugha ile ile ambayo angetafutia.

Kijiji kizima kiliichukulia kazi hiyo kuwa yake. Bairbre alipofika nyumbani kwa likizo, Peait, jirani aliyekuja kunywa chai kwao kila siku bila kualikwa, alimwambia, "Hao wa Dublin watakuuliza nini wewe? Labda wakuombe uwafundishe. Ukishakalia hicho kiti, bibie, usijifanye hunijui."

Usaili ulifanyika Jumatatu mjini Gaillimh. Wasaili walikuwa wawili: mama mmoja mnyamavu aliyekuwa akiandika, na mwenyekiti, Bwana Fiachra, mtu wa Dublin aliyejifunza lugha ukubwani. Alimweleza mapema kwamba mazungumzo yote yangekuwa kwa Kiayalandi. Chake kilikuwa safi kama shati lililotoka kupigwa pasi, bila harufu ya nyumba ya mtu yeyote. Bairbre alijibu swali baada ya swali, na hata yule mama mnyamavu alicheka mahali pamoja.

Kisha Bwana Fiachra akaanza swali refu kuhusu mzee anayefika ofisini akiwa na hasira juu ya pensheni yake. Katikati ya swali neno likampotea. Alilitafuta darini, akalitafuta mezani. Masikio yakamwiva. Bairbre aliiona aibu ikimpanda shingoni, na kabla hajafikiri alikwisha kusema kwa Kiingereza, kwa upole, "Usijali. Tuendelee tu kwa Kiingereza, mimi sina shida."

Akamkamilishia swali na kulijibu lote kwa Kiingereza, vizuri, mikono ikimsaidia. Yule mama aliweka kalamu chini. Bwana Fiachra alingoja amalize, akarudi kwenye Kiayalandi.

"Bi Bairbre," alisema taratibu, "kazi yenyewe ni kutofanya hilo ulilolifanya sasa hivi."

Bairbre alirudi haraka kwenye lugha yake na kuzungumza kama hajawahi kuzungumza. Lakini maji yalikwisha mwagika.

Nyumbani, mama yake, Neain, alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Mtu anazama mbele yako, ungemtazama tu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ndicho walichokuwa wanakitaka."

"Basi kazi hiyo haina adabu," alisema mama, na kisu kikaendelea na viazi.

Bairbre alikuwa amechukua likizo ya wiki nzima. Ijumaa simu ililia. Alikuwa Bwana Fiachra mwenyewe, kwa Kiayalandi. Kazi ilikuwa imekwenda kwa kijana wa mji wa Corcaigh aliyesomea lugha chuo kikuu, mtu ambaye hata ukimkanyaga kidole hahamii Kiingereza. Bairbre alimshukuru kwa kumpigia. Mwenyekiti hakukata simu.

"Kukusikiliza siku ile," alisema, "kulinitia..." Na neno likampotea tena.

Bairbre alisikia pumzi zake. Neno la Kiingereza lilikwisha simama mdomoni mwake, limevaa koti, tayari kutoka. Alilizuia. Mvua ilipiga dirisha, na yeye akangoja.

"Hamu," alisema Bwana Fiachra hatimaye. "Kulinitia hamu ya nyumba ambayo sikuzaliwa humo."

"Hata mimi ninayo," alijibu Bairbre, "na nimezaliwa humo."

Jumapili alipanda basi la kurudi Dublin pamoja na vijana wengine wa pwani, akiwa na mkate wa magadi wa mama yake magotini, bado una joto. Hadi Gaillimh basi zima lilitaniana kwa Kiayalandi. Pale mjini abiria wengine waliingia, na sauti zikageuka moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa nyumbani watu wakienda kulala. Mwanamke asiyemfahamu aliketi kando yake na kumsalimu kwa Kiingereza. Bairbre aliitikia salamu. Basi lilipoondoka, mama yake akapiga simu.

Siku zote alinong'ona kwamba angempigia baadaye. Safari hii aliuliza kwa Kiayalandi kama Peait amekwisha kunywa chai yote ya nyumba, na kama upepo umetulia. Yule mwanamke wa kando alitazama nje dirishani.

"Umekaa na mtu?" aliuliza mama.

"Nimekaa na mgeni."

"Sasa mbona bado unaongea hivi?"

"Ngoja kidogo, mama," alisema Bairbre. "Sijamaliza."