Orodha Inayongoja Jibu

Mama mwenye mtoto anayejifunza kompyuta, soma haya leo, usingoje kesho. Mimi shule niliishia la saba, lakini nilichokiona kwa macho yangu sihitaji cheti kukisema.

Binti yangu Nuriat ana miaka kumi na sita. Anasoma Ntinda, jioni anarudi kwetu Kisenyi, chumba cha juu ya gereji. Shuleni walikuwa wanafundishwa kuiandikia kompyuta amri.

"Mama, hii kitu ni kama askari," aliniambia. "Unachotaka haijui. Inafuata ulichoandika tu."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa orodha ya watu wa nyumbani. Kila jina lifungwe kwa alama za kunukuu, koma katikati. Kompyuta itaita jina kwa sauti, ingoje mwenyewe aandike *nipo*, ndipo iende kwa mwingine. Asipojibu, irudie.

Akanisomea: Kaltumi, ndiye mimi. Yasiin, kaka yake. Nuriat.

"Na baba yako?"

"Mama! Baba si marehemu?"

"Sisi Wanubi siku ya Idi tunawataja wote. Utamruka baba yako kama mpangaji?"

"Haya, usininunie." Akacheka, akaandika Abdul-Karim mstari wa juu ya jina lake mwenyewe.

Kosa ndilo hilo, na ni langu.

Baada ya alasiri akaiwasha. Ikaniita, nikaandika *nipo* kwa kidole kimoja. Yasiin naye akaandika. Kisha ikaita, "Abdul-Karim." Ikarudia, "Abdul-Karim." Chini, nyundo za gereji zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Izime," nikasema.

"Ngoja, inataka neno moja tu." Na kabla sijamshika, akaandika: *nipo*.

Bibi yangu alitulea kwa adabu moja: usiitikie mwito wa usiyemwona uso, wala usiitike kwa niaba ya mwenzio. Nuriat anaijua tangu mdogo. Aliona ni mashine tu, akasahau.

Yeye ndiye alikuwa amebaki. Haikumwita. Ilisema tu kwamba wote wapo, ikanyamaza.

Tangu hapo nikimwita Nuriat, hageuki. Siku ya tatu Yasiin akamtania, "Abdul-Karim, chai hiyo!"

"Naam," akaitika, hata kichwa hakuinua. "Tangawizi nyingi. Sukari usitie."

Yasiin akaweka birika chini. Baba yao alikuwa akinywa hivyo hivyo, na alifariki Nuriat akiwa na miezi miwili. Sijawahi kumsimulia.

Nikaifungua kompyuta mwenyewe. Kwenye orodha jina la Nuriat halikuwepo. Nikamfuta mume wangu herufi moja moja, kila herufi nikimwomba msamaha. Nikaandika Nuriat. Mashine ikakataa, ikaonyesha maandishi mekundu. Nilisahau alama za kunukuu. Nikatia. Ikakataa tena, koma. Banange, mwanangu anapotea kwa sababu ya koma! Nikaitia, ikakubali.

Ikaniita, nikajibu. Ikamwita Yasiin, akajibu kwa mkono wake mwenyewe. "Nuriat." Yeye kitandani, anautazama ukuta. "Nuriat." Mara ya saba akainuka, akaja polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Akaandika *nipo*.

"Mama," akasema, "mbona unalia?"

Sauti yake. Yake kabisa. Nikamkumbatia mpaka akalalamika namwumiza.

Hapo mashine ikaita, "Abdul-Karim."

Nilimfuta, wallahi nilimfuta. Yasiin akachomoa waya, akatoa na betri. Ikaita tena, na safari hii haikuwa sauti ya mashine. Nuriat akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye vibonye.

Basi msiwaandike marehemu wenu kwenye kitu kinachongoja jibu. Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeushika mkono wa mwanangu, nao unavuta.