Kopo la Bluu la Kokubanza

Evodia alipata sifuri, na sifuri yenyewe mwalimu aliichora kubwa ili hata aliyekaa nyuma aione. Hadithi waliyopewa shuleni kule Kahororo ilikuwa ya Kizungu, ya zamani, ya kutisha: bwana mmoja anaishi kwenye jumba la mawe, anasikia mtu akibisha chini ya sakafu, na anaapa mara tatu kwamba mdogo wake aliondoka kwa hiari na kwamba yeye amefurahi kubaki peke yake. Swali: msimulizi anaaminika? Evodia akajibu anaaminika, maana ameapa. Mtoto wa kwaya huyo, angejibu nini kingine?

Basi mchana huo, nyumbani Kagondo, alikaa na bibi yake Kokubanza, ungo wa senene, wale panzi wa kuliwa, katikati yao, wakinyonyoa mbawa na miguu. Lakini kilichomkaa rohoni hakikuwa sifuri. Jumapili ilikuwa kipaimara chake. Baba yake alikwishafariki, na aliyestahili kusimama nyuma yake kanisani ni baba mkubwa, Kahigi, aliyehamia Kimwani miaka sita iliyopita na hajarudi tena. Kila Evodia akimtaja, Bibi alijibu lilelile: Kahigi aliondoka mwenyewe, hakuna aliyemgusa, na yeye Kokubanza amekwishamsahau. Ukimuuliza mara ya pili, unapewa kuni za kupasua.

Kwa kukosa mazungumzo yasiyo na kuni, Evodia akamsimulia ile hadithi. Alipofika mahali bwana yule anaandaa meza ya jioni, sahani mbili, kama kila siku, Bibi akaguna.

"Mwongo huyo," akasema. "Kama amefurahi, sahani ya pili ni ya nani? Mtu wa namna hiyo usimsikilize mdomo. Mtazame mikono."

Lo! Bibi asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji amempiku msomi mzima. Evodia akacheka, akaitazama mikono ya Bibi kwa utani tu. Ilikuwa imegawa senene mafungu mawili: moja la kukaanga leo, jingine la kukausha na kutia kwenye kopo la bluu. Kopo lile hukaa juu ya kabati mwaka mzima. Mgeni hapewi, mwenyeji haonji. Senene wakiharibika hutupwa, na msimu ukirudi Bibi hulijaza tena.

"Bibi, hilo kopo ni la nani?"

Kokubanza akamnyonyoa senene mmoja kwa muda mrefu mno.

"Tulipotoka kumzika baba yako," akasema hatimaye, "nilimwambia Kahigi pale mlangoni, tukiwa wawili tu, kwamba afadhali angekufa yeye. Ndipo akaondoka."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na mafuta. Aliona aibu, na alikuwa amechoka kuibeba. Akamwambia mjukuu wake ampigie.

Evodia akapiga, akamshikia simu sikioni. Bibi akamwambia mwanawe kwamba alimkosea, kwamba miaka yote hii amedanganya watu, na kwamba kila msimu humkaushia senene na kulijaza kopo lake.

"Mama," Kahigi akasema, "mwaka huu usikaushe. Nakuja kesho, nataka wa moto."