Vikohozi vya Binti Yangu

Mjukuu wangu tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Alisomea kutengeneza programu za kompyuta, na alipoitwa kwenye usaili wa kazi akaniomba nimsaidie mazoezi. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kusoma najua. Basi kila alasiri nakaa karibu na dirisha, miwani puani, ungo wa mchele mapajani, simu yake juu ya stuli. Namsomea swali, naye anajibu. Sharti letu lilikuwa moja: nisipoelewa mimi, basi hajajibu.

Siku hiyo swali liliuliza hivi: kitu chenye jina ukikipa jina la pili, je, umepata nakala yake?

"Hapana, Bibi. Hapa nyumbani mimi ni Chiriku, kwenye cheti nina jina jingine. Chiriku akivunjika mguu, yule wa kwenye cheti atatembea?"

"Atachechemea naye," nikamwambia. "Nami nitawauguza nyote kitanda kimoja."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akanieleza kwamba nakala ni mpaka uumbe mtu wa pili, mwenye miguu yake mwenyewe. Nikaelewa vizuri kabisa.

Sasa, mama yake Chiriku alikuwa binti yangu wa pekee. Aliugua mapafu, na nilipofika hospitali nilikuta ameshafunikwa shuka. Chiriku hakuruhusiwa kuingia wodini. Muuguzi alimkabidhi simu mlangoni, akamwambia mama yake amerekodi maneno, ni ya Bibi peke yake, mwingine asisikilize. Simu ile baadaye ilikufa, lakini Chiriku alikuwa ameshayahamishia maneno kwenye kompyuta yake. Mara kwa mara alikuwa akiniwekea, kisha anatoka nje na kurudisha mlango. Kilichotangulia ni kikohozi, kile kikavu cha kuchana kifua, nami kila mara nikabonyeza pale pa kuzima kabla binti yangu hajatamka neno. Nilijiambia nitasikiliza moyo ukipoa. Haraka ya nini? Maneno si maziwa, hayachachi.

Chiriku alinikuta nalia mara nyingi akachoka. Asubuhi moja akaja kuchuchumaa mbele yangu, macho yanang'aa, akasema ameandika programu ya kuondoa vikohozi, abaki mama anaongea tu. Nikamuuliza kama maneno yenyewe hayataumia. Akasema ameweka akiba pembeni. Lolote likitokea, ile ya zamani ipo palepale.

Akabonyeza, akainuka atoke. Nikamshika mkono nikamwambia abaki, leo tutamsikia wote.

Kikohozi. Kikohozi kingine. Vikafuatana mpaka mwisho kama shanga kwenye uzi, hakuna neno.

Alinieleza baadaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Mama yake alikuwa na sauti ya kuita mtu mtaa wa pili akageuka. Kwa hiyo programu iliagizwa kubakiza sauti kubwa na kutupa ndogo. Angesikiliza hata kidogo angejua kwamba mama yake alikuwa ananong'ona, na sauti kubwa iliyombakia ilikuwa kikohozi. Lakini alikatazwa asisikilize, naye ni mtoto mwenye adabu.

"Fungua ile akiba," nilimwambia pale pale.

Akaifungua. Vikohozi vilevile. Nikamwona anautazama mstari mmoja wa programu yake, kidole kimekauka juu ya kioo, nami nikajua kabla hajasema.

"Niliipa jina la pili tu, Bibi. Sikutengeneza nakala."

Alichokata huku kilikatika na kule, kisha programu ikahifadhi vikohozi juu ya ile rekodi ya zamani. Tuliipeleka kompyuta kwa fundi wa mtaani. Alihangaika nayo, akairudisha akiwa ameangalia chini, akasema kilichofunikwa namna hiyo hakifukuliki.

Usaili alikwenda, na kazi akapata. Jioni aliporudi alivua viatu vyake pole pole mlangoni. Nikamuuliza walimuuliza nini.

"Lile la majina mawili. Nikawaambia habari ya mguu. Wamecheka sana."

Akaingia chumbani. Tangu hapo anatoka asubuhi na kurudi jioni, anasalimia, anakula, anaosha sahani yake. Jirani mmoja ananiuliza Chiriku wetu amekatwa ulimi au vipi, mbona hasikiki. Namjibu kazi ni nyingi.

Mimi alasiri nachambua mchele wangu, kisha namsikiliza binti yangu akikohoa. Siku hizi sizimi, nafika mpaka mwisho. Natafuta pale maneno yalipokuwa, labda pamebaki pumzi, labda herufi. Lakini Chiriku kazi yake ni safi. Ameunga kikohozi kwa kikohozi, hakuacha hata ufa.