Mwonjaji ni Mmoja

Darasa la upishi lilikuwa na kanuni ishirini na mbili, zimeandikwa kwa mkono kwenye bango lililobandikwa juu ya sinki, na nyingi zilikuwa za maana: osha mikono, funga nywele, usiache kisu ndani ya maji ya povu. Ila ya kumi na tisa ilisema mwonjaji ni mmoja, yaani mwalimu. Mwanafunzi apike atakavyopika, kijiko hakigusi ulimi wake mpaka chakula kifike mezani, na kikishafika mezani kazi yake ni kula na kusema kitamu.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Shefu. Jina lake la kuzaliwa huenda mkewe alilijua, sisi wengine tusijisumbue. Alikuwa kijana bado, miaka thelathini na ushee, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mfukoni mwa eproni yake hamkosi daftari dogo jeusi. Hilo lilikuwa daftari la maswali. Mwanafunzi akithubutu kuuliza kwa nini, Shefu huvuta pumzi, hutoa kalamu, huandika tarehe, jina na swali. Kulikuwa na safu ya nne yenye kichwa "Jibu", nayo ilikuwa nyeupe pe kuanzia ukurasa wa kwanza. Maswali matatu, unafutwa kwenye orodha ya mtihani. Hakuna cha kubembeleza, hakuna cha kuleta mzazi.

Mama Sufuria angemleta mzazi gani, na yeye mwenyewe ana wajukuu wawili? Jina hilo walimpa wanafunzi wenzake, kwa sababu siku ya kwanza alikuja na sufuria yake kwapani akidhani kila mtu anakuja na yake. Alikuwa amewapikia wagonjwa wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, wenye sukari, wenye vidonda vya tumbo, na wale wasio na ugonjwa wowote ila kudeka. Kisha ikaja barua: mpishi asiye na cheti, mwaka ukiisha, anahamishiwa chumba cha kufulia mashuka. Alilia siku nzima. Siku ya pili akaenda kujiandikisha chuoni.

"Wewe nenda, kaa, itikia ndiyo, chukua karatasi, rudi," mumewe alimwambia. "Usiende kujifanya wakili."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kochi. Wiki ya kwanza tu Shefu aliagiza kwamba supu ikorogwe kwa kuzungusha mwiko kulia, kulia tu, na ole wake atakayezungusha kushoto. Mama Sufuria alikuwa amekoroga supu ya watu mia mbili kila siku ya Mungu, kulia, kushoto, na bega likimuuma alikoroga huku na huku. Mdomo ukamtoka kabla hajaushika. "Kwa nini kulia, Shefu?" Daftari likatoka. Wiki ya tatu akauliza kwa nini mwonjaji awe mmoja, likatoka tena. Kuanzia hapo akafunga mdomo wake kama mlango wa stoo. Alikuwa amebakiwa na swali moja, na swali hilo lilikuwa na thamani ya cheti kizima.

Sasa, chakula cha darasa lile kilikuwa na chumvi ambayo hata bahari ingelalamika. Shefu huonja, hufumba macho, husema "Chumvi." Inatiwa. Huonja tena, "Chumvi kidogo tena." Saa ya kula wanafunzi hukaa mezani na chupa za maji za lita moja moja, machozi yanawalengalenga, wanasema kitamu sana Shefu. Binti mmoja wa pembeni ya Mama Sufuria, aliyeitwa Simu kwa kuwa haachani na simu yake hata akimenya viazi, alikuwa ameandika kabisa kwenye daftari lake: chumvi, mara tatu.

"Ndivyo wageni wa mahotelini wanavyopenda, Mama," alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha bibi kizee kuvuka barabara.

Mama Sufuria akanywa maji yake. Moyoni alijisemea kwamba wageni wa hoteli za namna hiyo mwisho wao ni wodini kwake.

Mpaka ikafika siku ya karoti. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili zinachemka, moja ya supu na nyingine ya maji matupu ya kuchemshia karoti, na karoti zenyewe zilikuwa bado ubaoni. Shefu akapita na kijiko chake, anaongea na mtu nyuma yake, akachota kwenye sufuria ya maji. Akapuliza, akaonja, akafumba macho.

"Inakuja," akasema. "Lakini imepooza. Tia pilipili manga."

Mama Sufuria aliitazama sufuria. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka mkwaruzo wa chini. Akamtazama Shefu. Hakuwa anatania, Shefu hakuwa na kiungo cha utani mwilini.

"Ndiyo, Shefu," akasema, akayatia maji pilipili manga.

Usiku ule usingizi ulimpaa. Kumbe ndiyo maana wali ukiungua Shefu ndiye wa mwisho kujua, ndiyo maana hunusa maziwa yaliyochacha akasema sawa. Mtu huyu hasikii ladha wala harufu, anawaonjea watu ishirini na nne, na watu ishirini na nne wanaandika. Alimweleza mumewe.

"Safi," mume akasema. "Mwache achemke mwenyewe. Wewe swali lako moja lifiche."

"Na supu ya mtihani ikitoka na chumvi mara tatu? Si tunaanguka wote?"

Mume akawaza, akashika tama. "Basi mwambie pembeni."

Alijaribu. Siku moja kabla ya mtihani alibisha ofisini kwa Shefu, kachumba chenye meza na kofia nne za akiba zimepangwa juu ya kabati.

"Shefu, nimekuja kuhusu ulimi."

"Ulimi wa ng'ombe haupo kwenye mtihani."

"Siyo wa ng'ombe."

Shefu aliinua uso taratibu, mkono unaelekea mfukoni. "Hili ni swali, Mama?"

Aliliona daftari likichungulia, akayaona na mashuka ya hospitali, marundo kwa marundo. "Hapana, Shefu. Nilikuwa naaga." Akatoka, akajilaumu njia nzima mpaka nyumbani.

Siku ya mtihani watahini walikuja wawili, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na mwanamume aliyebeba fomu. Walikaa meza ya mwisho, vijiko vimelala mbele yao. Chakula cha kwanza kilikuwa supu, sufuria moja kubwa ya darasa zima, na msimamizi wake kwa zamu alikuwa Mama Sufuria. Alipima chumvi kwa mizani kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya mapishi, akakoroga kulia. Mvuke ukampiga usoni, na pua yake ya miaka kumi na tisa ikamwambia supu imekaa, iache.

Shefu akaja. Akachota, akapuliza, akaonja, akafumba macho. Darasa zima nalo likafumba.

"Chumvi," akasema.

Kijiko cha chumvi kilikuwa mkononi mwa Mama Sufuria tayari, kimejaa mpaka kilima. Akakipeleka juu ya sufuria. Kukigeuza tu basi, aitikie ndiyo, kama alivyoambiwa na mumewe, kama wanavyofanya watu wazima wenye akili zao. Lakini supu ikiharibika, wameharibikiwa wote, na huyu kijana atafukuzwa mbele za watu na kofia yake. Akiuliza, anayeharibikiwa ni yeye peke yake. Alihisi hasira, hasira kweli kweli, siyo kwa Shefu, ni kwa kile kijiko.

"Kwa nini, Shefu?"

Simu aliangusha simu. Huko nyuma mtu akasema taratibu, "Mama ameshakwenda."

Shefu akavuta pumzi. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe kwa mazoea, daftari likatoka, kalamu ikaandika tarehe, jina, swali. Mtahini wa miwani akanyoosha shingo.

"Unaandika nini hapo, Mwalimu?"

"Swali la mwanafunzi."

"Vizuri. Na jibu lake?"

Shefu hakuwahi kuulizwa hilo. Alimtazama Mama Sufuria kwa macho ya kumla nyama, na Mama Sufuria akamsogelea kama anayetaka kufuta ukingo wa sufuria, akanong'ona pale kwenye bega lake.

"Shefu, siku ile ya karoti uliagiza pilipili manga."

"Ndiyo. Ilipooza."

"Yalikuwa maji."

"Maji gani?"

"Maji ya bomba, Shefu. Nilikuwa sijatia hata karoti moja."

Uso wa Shefu ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyekutwa kabatini. Kofia ikayumba, akaishika kwa mkono. Mama Sufuria alimwonea huruma, lakini kijiko cha chumvi hakukigeuza. Supu inatokota, mtahini anasubiri na kalamu yake.

"Mama," Shefu akasema, kwa sauti ambayo darasa halikuwahi kuisikia, "onja."

Watu ishirini na tatu walitazama bango juu ya sinki, kisha wakamtazama Mama Sufuria, kama vile sheria ya nchi imevunjwa. Akachota kijiko safi. Akaonja. Miezi tisa hajaonja supu aliyoipika mwenyewe ikiwa jikoni.

"Chumvi imetosha," akasema. "Inataka tone la ndimu."

"Tia."

Mtahini alikunywa bakuli zima, akaomba lingine, akasema anataka kuhakikisha. Mwenzake aliandika kitu kirefu kwenye fomu.

Jioni, wenzake walimuaga Mama Sufuria kwa kumshika mikono kama mtu wa safari ya mbali. Simu alimpa namba yake, akamwahidi kumtembelea huko kwenye mashuka. Alikuwa anafunga sufuria yake kwenye kitambaa Shefu alipomwita jikoni. Hapakuwa na mtu mwingine. Shefu alikuwa amevua kofia, na bila kofia alikuwa mfupi.

"Ni mafua ya mwaka juzi," akasema. "Yaliondoka na kila kitu. Nilidhani vitarudi. Nikawa nasubiri, na nikisubiri naagiza chumvi, maana nayo nilikuwa siisikii." Akatoa daftari mfukoni. "Umeniokoa, na mimi nimekuandika."

"Mwanangu," Mama Sufuria akasema, ni mara ya kwanza kumwita hivyo, "si ungesema tu."

"Ningemwambia nani? Kila mtu alikuwa ananiitikia ndiyo."

Akampa lile daftari jeusi, limefunguliwa. Mama Sufuria alivaa miwani yake. Mistari yake mitatu ilikuwa pale, na safu ya nne haikuwa nyeupe tena, wino bado mbichi. Alianza na ule wa chini. Kwa nini chumvi? Jibu: Haikuhitajika, mtahiniwa yuko sahihi, abaki kwenye orodha. Hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa eproni, akapanda juu. Kwa nini mwonjaji awe mmoja? Jibu: Zamani ilikuwa nidhamu. Tangu mafua ni woga wangu. Akapanda tena mpaka ule wa wiki ya kwanza, kwa nini mwiko uzungushwe kulia. Hapo Shefu alikuwa amefuta mara mbili kabla ya kuandika. Jibu: Sijui. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Mama Sufuria alilisoma jibu hilo mara mbili. Kisha akaenda kwenye sufuria kubwa, supu iliyobaki bado ina moto, akashika mwiko, akauzungusha kushoto. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shefu alikuwa amesimama nyuma yake bila kupumua.

"Kumetokea nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Shefu."

Shefu akasogea, akainama juu ya sufuria akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Hebu nipe," akasema. "Na mimi nijaribu."