Kwenda Nyumbani Steinkar

Notburga alipotimiza miaka sabini, mdogo wake Vinzenz alimpigia simu kutoka Vienna kumwuliza anataka zawadi gani.

"Sitaki kitu. Njoo twende nyumbani kwa miguu," akamjibu.

Kwa wawili hao, nyumbani hakukuwa kijijini. Nyumbani kulikuwa Steinkar, kibanda cha wapanda milima juu kabisa ya bonde, ambacho wazazi wao walikitunza viangazi ishirini na sita. Vinzenz aliondoka akiwa kijana, akaenda kuendesha tramu mjini, na tangu hapo hakukanyaga tena huko juu.

Basi mwezi wa Agosti walilala kibanda kingine cha chini, na saa moja asubuhi wakaanza safari. Penye njia panda, kibao kipya kilielekeza kushoto. Vinzenz akashika kulia.

"Kibao kinasema kushoto," Notburga alisema.

"Kibao kimewekwa na watu wa juzi. Mimi nimepita hapa na nyumbu wa mizigo wa baba."

Notburga alijua kulia hakupitiki. Lakini alimwona mdogo wake alivyokuwa akitembea, kifua mbele kama mwenye shamba, akamfuata.

Baada ya nusu saa njia ilikatika. Pale ambapo zamani ilitanda barafu ya mlima, pana na nyeupe hadi ng'ambo, palikuwa na shimo kubwa la mawe ya kijivu, na chini kabisa ziwa dogo lenye rangi ya maziwa. Vinzenz alisimama ukingoni. Kisha akaketi juu ya jiwe na begi lake mgongoni.

"Baba alitufunga kamba hapa," alisema hatimaye. "Wewe mbele, mimi katikati."

"Na ulilia mpaka ng'ambo."

"Sikulia. Jua liliniumiza macho."

"Kulikuwa na mawingu, Vinzenz."

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha. "Kila mwaka nilisema nitakuja mwakani. Nilidhani vitu vyote viko palepale vinanisubiri. Hata kumzika baba nilikuja kijijini siku mbili tu, nikarudi kazini, nikakuachia kila kitu. Ulinikasirikia?"

"Miaka mitatu hivi," dada yake alisema, akimkatia kipande cha mkate na nyama ya kukaushwa. "Halafu nikachoka. Nilikuwa na ng'ombe wa kukamua. Kula."

Walirudi hadi kwenye kibao, wakashika kushoto. Njia mpya ilipanda mwamba wenye vyuma vya kushikia, na katikati yake Vinzenz akakwama, akikumbatia chuma kwa mikono miwili. Notburga akamvua begi, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akapanda nyuma yake akimwambia mguu auweke wapi, jiwe kwa jiwe. Vinzenz hakubisha.

Walifika Steinkar saa tisa alasiri. Mtunzaji, mwanamke wa makamo aitwaye Romana, aliwapokea na supu yenye madonge ya mkate. Ukumbi ulikuwa umepanuliwa na madirisha yalikuwa mapya. Vinzenz alikula nusu bakuli, akainuka, akaingia kijia cha nyuma ya jiko na kubandika kiganja ukutani, pale bomba la moshi lilipopita.

"Bado kuna joto," alisema. "Burgl, njoo uguse," akamwita dada yake kwa jina la utotoni.

Nyuma ya ukuta ule ndipo walipolala utotoni, wakisikia mama akipanga sahani.

"Tunaweza kulala humo?" Notburga aliuliza.

"Siku hizi ni stoo," Romana akasema. "Humo mna viazi."

"Tutaviomba visogee."

Wakahamisha magunia matano, wakatandika magodoro mawili. Vinzenz alivua viatu, akajilaza, akasema anapumzisha mgongo dakika tano tu. Kabla hajamaliza kusema alikuwa amelala. Notburga alimfunika koti lake. Kisha akaenda jikoni, akafunga aproni ya mtu iliyokuwa ikining'inia mlangoni, na kumwuliza Romana vitunguu vya wageni wa jioni vimeshakatwa au bado.