Pua ya Ulayuk

Kwetu huku kaskazini mtu hausumbui mdomo kwa jambo dogo. Nyusi zikipanda, amesema ndiyo. Pua ikikunjika, amesema hapana, na shauri limekwisha. Mtoto analijua hilo kabla hajaota meno. Wageni wa Kusini huweza kula chumvi nasi miaka na miaka wasilijue, seuze Kapteni Thornbury, ambaye barafu ilimfunga kwetu majira mawili ya baridi tu.

Leetia ndiye aliyepewa kazi ya kuchora picha za kitabu cha watoto kuhusu safari ya Kapteni huyo. Mhariri, Meredith, alipompigia simu kutoka mjini kwao Kusini, Leetia alifurahi hadi mkate ukaungua jikoni. Baba yake, mzee Qaunaq, alifurahi kumpita, maana katika safari ile alikuwamo bibi yake mzaa baba, Ulayuk, aliyewashonea mabaharia wote mavazi ya ngozi. Bila mavazi yale, kitabu kingekuwa kifupi sana.

"Umchore akikataa," mzee alisema. "Kama baba alivyonisimulia. Nikiona hivyo kitabuni, nitakufa nimetulia."

"Usianze habari za kufa, baba. Kunywa chai."

"Chai nakunywa. Kufa nitakufa vilevile."

Habari yenyewe hakuna asiyeijua katika ukoo ule. Meli ilipokuwa inajiandaa kuondoka, Kapteni alimkuta Ulayuk ameketi ufuoni anamalizia viatu vyake, sindano mkononi, uzi wa mshipa wa mnyama umebanwa kati ya meno. Akamwuliza, kwa maneno machache ya kwetu aliyoyaokota, kama angempa mwanawe Aglak aende naye Kusini akasome. Ulayuk akakunja pua, akaendelea kushona. Jibu lilikuwa limetoka. Kapteni akaona mwanamke anamchekea kwa haya.

Kesho yake mtoto akaitwa melini kula biskuti, na meli ikang'oa nanga. Aglak alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla mwaka haujaisha, akazikwa huko, na hakuna ajuaye wapi. Ulayuk aliishi hadi uzee akijilaumu kwamba hakuutoa ule uzi mdomoni akapiga kelele. Baba wa mzee Qaunaq, aliyekuwa mdogo wake Aglak, alikua akiyasikia majuto hayo kila jioni, kama wengine wanavyosikia nyimbo za kulalia.

Maandishi ya kitabu yalipofika, sentensi ilikuwa hii: Ulayuk mwema alikubali kwa furaha. Leetia alipiga simu palepale.

"Hakukubali," alisema.

"Kapteni mwenyewe aliandika kwamba alitabasamu," Meredith akajibu.

"Alikunja pua. Hiyo kwetu ni hapana."

"Leetia mpenzi, hiki ni kitabu cha watoto. Tutawaambiaje kwamba mtoto aliibwa?"

"Wa kwetu wameshaambiwa."

Meredith alisema atalifikiria. Hakulifikiria. Asiyekuwapo na lake halipo, na Ulayuk alikuwa chini ya mawe siku nyingi.

Basi Leetia akaamua, neno wamelichukua, uso hawauchukui. Ili aupate vizuri, alimketisha binti yake wa miaka sita, ambaye naye ni Ulayuk. Aliye na jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe amerudi, kwa hiyo Qaunaq humwita mjukuu wake Bibi, na humpa kipande cha kwanza cha ini la sili kama mtu mzima.

"Bibi," mzee alimwambia, "jamaa mwenye ndevu anakuomba mwanao. Unamjibuje?"

"Ndevu chafu?"

"Chafu. Zina barafu na makombo."

Mtoto akakunja pua hadi macho yakapotea. Mzee akacheka, halafu machozi yakamtoka, halafu akadai chai yake imepoa.

Picha ilitoka sawasawa. Leetia aliituma, na Meredith akamjibu kwamba hajapata kuona tabasamu zuri namna ile. Leetia alicheka peke yake wiki nzima. Kila mtoto wa kwetu atakayefungua ukurasa ule ataisoma hapana, kubwa kama nyumba, juu ya maneno yao ya uongo.

Siku moja Meredith akampigia tena, safari hii kwa simu ya video. Leetia alikuwa katikati ya kuchora meli, penseli moja mkononi na nyingine kati ya meno.

"Mwenzetu anayetia rangi angependa kuugusa uso wa Ulayuk kidogo tu, uchangamke zaidi," Meredith alisema. "Unakubali?"

Leetia akakunja pua.

"Vizuri," Meredith akasema, akakata simu. Leetia akarudi kwenye meli yake. Aliona amemkatalia, na mwenziwe amekubali kukataliwa, kama watu wenye adabu.

Kitabu kilikuja na ndege majira ya kuchipua. Qaunaq alinawa mikono kwanza. Mjukuu akampandia pajani, wakafunua kurasa pamoja mpaka ufuoni. Ulayuk alikuwa ameketi na kiatu chake, lakini pua ilikuwa imenyooshwa kama shuka iliyopigwa pasi, na nyusi zimeinuliwa juu kabisa, kwa sababu huko kwao nyusi zilizopanda ni furaha.

Mzee akausogeza ukurasa karibu na macho. Mtoto ndiye aliyesema, maana uso ule aliujua, ulikuwa wake.

"Mbona nimesema ndiyo?" aliuliza. "Mbona nimempa mwanangu?"

"Hukumpa, Bibi," mzee alisema.

"Nimempa. Tazama nyusi zangu."

Qaunaq akainua macho, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza, baba."

"Ukawajibuje?"

Leetia akakunja pua, kama alivyokuwa ameikunja siku ile kwenye simu, na mzee akafumba macho.